Bawa la Mti wa Mapiko

Mimi ni fundi cherehani, na kabla mwanangu hajaniingiza katika mambo ya ndege sikuwahi kufikiri kwamba ndege ina viti. Nilijua ina mabawa na ina kelele. Ikipita juu ya Newala tulitoka nje, tukaitazama mpaka ikapotelea upande wa Ruvuma, kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Mwanangu yeye hakurudi. Alibaki amesimama uani, shingo juu, alipokuwa mtoto na hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nilikuwa namwambia, "Ingia ndani, imeshakwenda, wala haijakuachia salamu."

Alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Mtaa mzima uliniita kwa jina lake, Mama Fulani, na nikiandika Fulani ni kwa sababu jina lenyewe mkono wangu unakataa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu, alikuwa na kibanda karibu na stendi. Akishafunga kibanda alichonga ndege. Hazikuwa za kurusha. Zilikuwa za kuweka juu ya meza na kutazamwa, lakini zimepimwa kutoka ndege ya kweli, kila kitu kimepunguzwa kwa kiasi kilekile, tairi, mlango, kioo, mpaka kitasa. Nilimwambia hiyo ni michezo ya watoto. Akanijibu kwamba watoto hawapimi.

Wenzake walikuwa watatu, na walijuana kwenye simu kabla ya kujuana kwa sura. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mkunya, mrefu, mkimya, rula yake ya chuma haitoki mfuko wa shati. Wa pili ni mchongaji wa Makote, Mmakonde mwenzetu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Wa tatu ni dereva wa lori wa Masasi, Myao, kwa hiyo mtani wetu, na kwa mdomo wake hakuna aliyepona. Huyo ndiye mtu wa rangi, kwa sababu anafahamiana na wapuliza rangi za magari kule chini. Jumamosi walikutana bandani kwangu, ninaposhonea. Walidai ni kwa sababu banda lina mwanga. Mimi najua ilikuwa kwa sababu ya muhogo wangu wa kuchemsha na chai.

Niliingizwa kwa hila. Siku moja mwanangu aliniletea vipande vinne vya mbao vidogo kama viberiti akaniomba nivishonee nguo. Nikatafuta masalio ya kitenge kizuri chenye maua, nikavishonea, nikasifu kazi yangu mwenyewe. Akavitazama akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, ukikuza ndege hii iwe ya kweli, ua hili litakuwa kubwa kuliko sinia. Abiria atakaa juu ya sinia?" Nikamwambia abiria akitaka asimame. Lakini nilivifumua, nikatafuta bitana ya kijivu isiyo na ua, nikashona upya na mikanda yake. Tangu siku hiyo viti vyote, na nguo nyembamba ya kufunikia mwili wa ndege kabla ya rangi, vikawa vyangu. Nilianza kuzingoja Jumamosi. Sikuwaambia.

Katika wote, mwanangu ndiye aliyekuwa mkali. Mwalimu alikuwa na rula, lakini mwanangu alikuwa na jicho, na jicho lilikuwa baya zaidi. Mwaka mmoja dereva alipaka ndege nyeupe, kazi safi kabisa, akaianika uani alfajiri bila kukumbuka kwamba ulikuwa msimu wa kupuliza salfa. Jirani akawasha mashine yake kwenye mikorosho na ukungu bado haujanyanyuka. Tulipotoka, ndege ilikuwa ya njano, vumbi limeng'ang'ania kwenye rangi mbichi. Dereva akasema tuiache, hiyo sasa ni ndege ya Newala halisi, haitashikwa na ugonjwa wa mikorosho. Tukacheka wote. Mwanangu alicheka pia, kisha akachukua msasa akaanza kuikwangua yote. Dereva alipomuuliza nani atajua, alisema, "Ndege ya kweli siyo ya njano," na hakuinua kichwa mpaka mchana.

Ndege ya mwisho ilikuwa ile ndogo ya injini moja, mabawa yake yako juu ya madirisha. Ile ya kweli ilikuwa imetua Masasi na watu wa safari zao, na wakati rubani anawasubiri mwanangu alimwomba aipime. Aliipima kwa futi yangu ya kushonea, ile ya shingoni, kama anampimia mtu suti. Rubani alimshikia upande mwingine wa futi. Aliporudi Newala jioni ile hakula. Aliniita niangalie namba alizoandika kwenye mkono wake kwa kalamu, kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, na akanizuia nisimguse kwa sababu mikono yangu ilikuwa na maji.

Mabawa waliyachonga kwa mti mwepesi ambao mchongaji aliuleta kutoka Makote. Ni ule mti wanaochongea sura za mapiko, zile wanazovaa wanaume kwenye ngoma za jando. Kila mtu kwetu anajua, na mimi kama mwanamke sipaswi kujua, kwa hiyo ulipofika bandani mchongaji aliuita "ule mti" na mimi nikajifanya naangalia sindano yangu. Kuchonga sura alifundishwa na mjomba wake, porini, kwa masharti, na mbele ya wanawake hakufungua mdomo kuhusu chochote kinachogusa mambo hayo. Nilimchokoza. Nilimuuliza, "Mti huu unaitwaje, baba?" Akajibu, "Mti, mama." Mwanangu alinikonyeza.

Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki. Mti ule unachongwa ukiwa mbichi, laini kama muhogo, na wepesi unakuja baadaye, ukikauka. Mwanangu alichonga bawa la kulia peke yake akalimaliza, la kushoto likiwa bado. Alilibana katikati ya mbao mbili, akafunga kamba, akaweka jiwe juu, ndani ya chumba chake. Na kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani alifungua kamba, akaligeuza upande wa pili, akafunga tena. Nilimwona mlangoni akifanya hivyo nikadhani ni mapenzi tu, kama mtu anavyoamka kumtazama mtoto mchanga.

Kisha macho yake yakawa ya njano. Alisema ni uchovu. Baada ya siku chache hakuweza kusimama, tukamshusha Masasi hospitalini, wakatuambia ni ini na kwamba limeharibika muda mrefu bila yeye kujua. Madaktari walijitahidi, sina la kusema juu yao. Alikuwa akiniuliza kama nimefunga banda. Nilimjibu nimefunga. Alifariki mchana, watu wanapita na sahani za chakula korido nzima, na nakumbuka nilichukia harufu ya wali.

Tukamzika Newala. Mtani wetu alikuja na lori lake, na kaburini alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Alisimama akapaza sauti, "Huyu amekufa makusudi! Jumamosi hii ilikuwa zamu yake ya kupiga msasa, ameona bora akalale!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye shati.

Kaka yangu, mjomba wa marehemu, ndiye mwenye amri juu ya vitu vya mpwa wake. Alifunga chumba siku ileile ya maziko, akatia ufunguo mfukoni. Kitu chochote cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini. Ndivyo tulivyokuta, na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu kuhusu chochote. Nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu.

Katikati ya matanga mchongaji alikuja kutoka Makote. Nilimsikia ukumbini akizungumza na kaka yangu, na sisi wanawake tumejaa pale pale, miguu imenyooshwa.

"Shikamoo mzee. Naomba unifungulie chumba kidogo tu. Kuna kitu ndani kinatakiwa kugeuzwa."

"Kitu gani?"

Nikamwona mchongaji anatupa macho upande wetu, kisha anatazama miguu yake.

"Ni ile kazi yetu, mzee. Kinageuzwa tu, sitoki na kitu."

"Mwenye chumba hageuziwi kitu sasa," kaka yangu akasema. "Subiri arobaini kama wenzako."

Kaka yangu alidhani amekuja kuwahi vifaa, maana siku za msiba hawakosi watu wa namna hiyo. Mchongaji akasema sawa, akatusalimia, akaondoka. Mimi nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja.

Arobaini ilipoisha kaka yangu alifungua. Wenzake wote watatu waliingia pamoja nami. Mwili wa ndege ulikuwa mezani, umeshafunikwa kwa nguo yangu, viti vyangu viko ndani. Mwalimu aliondoa jiwe, akafungua kamba. Upande wa juu wa bawa, ulioshikwa na hewa kupitia mianya ya mbao, ulikuwa umekauka peke yake, upande wa chini umebaki na unyevu, na kamba zilikuwa zimelegea jinsi mti ulivyonywea. Bawa lilikuwa limejikunja kutoka shinani mpaka nchani, kama kandambili iliyosahaulika juani.

Mwalimu akatoa rula, na akapima, sijui kwa nini, maana hata kipofu angeona kwa mkono.

"Itabidi tuchonge lingine, mama," akasema taratibu.

Nikamwambia rula yake akampimie mkewe. Nikamwambia bawa lile alilichonga mwanangu kwa mikono yake na halitoki kwenye ndege ile mimi nikiwa hai. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Mwalimu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, angekuwapo yeye mwenyewe, angelitoa."

"Basi aje alitoe!"

Dereva, mtu ambaye hakosi la kusema, alitoka nje akakaa juu ya ndoo.

Kuna jambo lingine lililoniuma siku hiyo na nyingi nyingine. Watu walikuwa wameacha kuniita kwa jina la mwanangu. Walijikwaa, wakasema "mama" tu, au wakaniita kwa jina la mdogo wake, na nikaona jinsi wanavyojitahidi. Walidhani wananihurumia. Miaka yote nilikuwa na jina moja, na sasa wamelizika pamoja naye bila kuniuliza.

Nikasema bawa nitalinyoosha mwenyewe. Mimi nimenyoosha suruali za harusi na mashuka ya wageni, nitashindwa na kipande cha mti? Nililowesha kitambaa, nikawasha pasi yangu ya mkaa, nikaipitisha juu ya bawa polepole, moshi wa maji ukinichoma macho. Lilikubali. Mchana ule lilikuwa limenyooka, nikaliweka mezani nikalizunguka kama mwizi anayeogopa kuamsha watu. Asubuhi lilikuwa limerudi kulekule. Nikarudia. Likarudi. Mara ya tatu likatoa mlio mdogo na nikaona ufa mwembamba karibu na shina. Nikaacha, nikaisogeza pasi pembeni.

Nililifunga kwenye kitenge, nikapanda bodaboda mpaka Makote. Mchongaji nilimkuta kando ya nyumba yake. Aliniona kabla sijashuka akainuka haraka. "Shikamoo, Mama Fulani," akasema. Jina lote, kama zamani, bila kujikwaa. Nilisimama pale barabarani nikalia mbele ya mwenye bodaboda, na yule kijana wa watu akageuza pikipiki yake akajifanya anaangalia tairi.

Mchongaji alilichukua bawa, akaligusa kote, akapata ufa. Hakunilaumu. Akaniambia mti ule ukishakauka umekauka, umbo ulilopata ndilo litakuwa lake. Kisha akaanza kunieleza, anatazama chini, kwa maneno ya kuzungukazunguka, kwamba kuna vitu wanavyovichonga kwa mti ule, na vitu hivyo hufichwa kivulini na kugeuzwa kila siku mpaka maji yatoke sawasawa pande zote. Kwamba mjomba wake alimwapisha asiyaseme mambo hayo wanawake wakisikia. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuja kuomba wakati wa matanga.

"Ungesema!" nikamwambia. "Ungesema ni mbao, inapinda!"

"Mbele ya akina mama wote wale, ningeanzia wapi? Mzee angeniuliza nimejuaje. Ningejibu nini?"

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimkasirikia yeye na mjomba wake, nikamkasirikia kaka yangu na ufunguo wake, nikakasirikia mapiko na arobaini na mkeka niliokuwa nimekaa. Nikiwa njiani kurudi nilitafuta wa kumbebesha lawama na sikumpata. Kila mmoja alikuwa amefanya kama alivyofundishwa, kwa heshima ya mwanangu, na heshima zetu zote zikakutana juu ya bawa lile.

Jumamosi zikapita bila mtu. Kisha wakanipigia simu, wakaomba waje. Walikuja wote watatu, na mchongaji alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gunia. Akakifungua juu ya meza. Lilikuwa bawa la kushoto. Alikuwa amelichonga likiwa bichi na kuliacha lipinde kwa makusudi, akajaribu na kuharibu mengi mpaka akapata moja lililojikunja sawasawa na lile la mwanangu. Akayaweka yote mawili juu ya mwili wa ndege. Upande huu na upande ule vilifanana kabisa. Mtu asiyejua angesema ndiyo ilivyo.

Nikamtazama mwalimu. Rula ilikuwa mfukoni. "Tuache hivi, mama," akasema. "Ikae hivi." Macho yake yalikuwa mekundu. Dereva alitikisa kichwa kukubali, akasema rangi atapaka yoyote nitakayo.

Nilikuwa nimeshinda. Sijawahi kutendewa wema mkubwa kama ule, na nilikaa kwenye kiti changu cha cherehani nikiutazama. Niliona mchongaji alivyokata vidole vyake. Na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ndege ile wananitengenezea mimi. Mwanangu hayumo. Yeye alichonga bawa lililonyooka, akalala kila siku akijua limenyooka, na kupinda kule kulitokea wakati yeye hayupo. Kupinda kulikuwa kwetu sisi, ni zile siku tulizokaa mkekani mlango umefungwa. Atakuja mtu siku moja aitazame, mtu anayezijua ndege, aseme aliyeitengeneza hakujua kupima.

"Yang'oeni," nikasema.

Hawakuinuka.

"Yang'oeni yote mawili. Chongeni mengine, na safari hii ufunguo nakaa nao mimi. Nitayageuza mwenyewe."

Mchongaji akaniambia mwanamke hageuzi mti ule. Nikamtazama. Akainamisha kichwa, akasema, "Haya, Mama Fulani." Na kila asubuhi, kabla sijafungua cherehani, niliingia chumbani kwa mwanangu, nikafungua kamba, nikayageuza, nikafunga, nikarudisha jiwe. Sikuruka hata siku moja. Yalikauka yamenyooka. Mwalimu alipima akarudia, nami nikafunika maungio kwa nguo, dereva akapuliza rangi nyeupe na mstari wa buluu.

Sasa ndege iko Mkunya, shuleni kwa mwalimu, juu ya kabati la ofisi ya walimu. Wageni wakija wanaonyeshwa. Siku moja alikuja mtu aliyewahi kufanya kazi kiwanja cha ndege, akainama, akaitazama pande zote, akasema kazi hii haina kasoro. Mwalimu alinipigia simu palepale kunieleza, sauti inamcheza kwa furaha. Akaniambia mwanangu angefurahi sana. Nikamjibu ni kweli angefurahi, nikamshukuru, nikakata simu.

Ni kweli. Ndege imenyooka na kila anayeiona anasema hivyo. Ila mimi, hata siku ile niliposema yang'oeni, nilikuwa naitaka ile iliyopinda.